Nilivuka Maji Kumtafuta Bibi wa Bibi Yangu

Najua nimepotea wiki mbili, na wapo walioanza kusema nimedisko. Sijadisko jamani! Nilikuwa Unguja. Na kabla hamjaanza maneno, sikwenda kula urojo Forodhani (haya, niliula, ila sio uliyonipeleka). Nilikwenda Kilimani, kwenye jengo la Nyaraka za Zanzibar, kumtafuta mtu wa kwetu.

Watu wa namna yangu siku hizi wana jina, wanaitwa watalii wa urithi. Hawa hawaendi kupiga picha na simba wala kuota jua Nungwi. Wanatoka Muscat, wengine London, wengine Marekani, wanakuja na jina la babu kwenye karatasi, wanakaa chumbani siku nne wakifunua makaratasi, wanarudi kwao. Mimi nilitoka Dar kwa boti ya asubuhi, nauli imetoka kwenye bumu, na jina lilikuwa moja tu. Silitaji hapa. Mjomba wangu mkubwa amekataza, na nimekubaliana naye kwenye hilo. Nitawaambia tu kwamba ni jina la heri, la aina ile ya Mabruki, Farjallah, Feruzi, Baraka, Majaliwa. Ukisoma habari za misafara ya karne ya 19 unakutana na majina haya kila ukurasa, kwa wapagazi na kwa watumwa. Wengi wao hawakupewa na wazazi wao. Walipewa na aliyewanunua.

Ndiyo, hiyo ndiyo habari yenyewe. Bibi yangu, mama wa mama yangu, anaishi Pangani. Bibi yake yeye alitoka Unguja kwa jahazi kabla ya vita vya kwanza vya Mjerumani na Mwingereza, akiwa na mtoto wa kike. Mtoto huyo ndiye aliyemzaa bibi yangu. Kwa hiyo mimi kwa huyo mama ni kilembwe. Nyumbani wajomba wanasema alikuwa mke wa Mwarabu mwenye shamba la karafuu. Bibi, akiwa peke yake na mimi jikoni, anasema alikuwa suria. Hayo ni maneno mawili, na kati yake kuna ugomvi wa familia wa miaka mingi ambao haujawahi kupigiwa kelele. Mjomba akaniambia, "Mwanangu, mambo mengine yaliyofukiwa yaache." Bibi akaniambia, "Nenda ukaone." Nikaenda.

Sasa tuingie kwenye historia, maana nawajua, mtasema nimeleta umbea wa ukoo badala ya darasa.

Kwanza, kwa nini Zanzibar ina karatasi nyingi hivi? Sultani Said bin Sultan alihamishia makao yake Unguja katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, na biashara ikamfuata: karafuu, pembe za ndovu, watumwa. Mkataba wake na Wamarekani ni wa 1833, na konsula wa Uingereza alifika 1841. Mabalozi wana tabia moja, wanaandika. Kila meli, kila fitina ya ikulu, kila kesi. Baadaye, 1890, Zanzibar ikawa nchi lindwa ya Uingereza, na maofisa wakaongezeka pamoja na mafaili yao. Ukifika Kilimani utaona majalada ya ubalozi yana herufi AA, ya sekretarieti yana AB, na kadhalika. Kuna pia maandishi ya Kiarabu, na mkusanyo wa vitabu na miswada hiyo UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2003. (Msione wivu watu wa bara. Majalada ya Wajerumani yaliyopo Nyaraka za Taifa pale Dar yaliingia orodha hiyohiyo mwaka 1997.)

Utaratibu ni mwepesi ukijiandaa. Unakuja na barua ya utambulisho ya chuo, unaandikishwa, unapitia orodha za majalada, unajaza kikaratasi cha kuomba, unasubiri. Kalamu ya wino weka mbali, tumia ya risasi. Dada wa kaunta aliniuliza natafuta nini, nikasema mtu. Akaniuliza, mtu wa serikali? Nikasema hapana, mtumwa. Hakushtuka hata kidogo. Akaniandikia namba kadhaa kwenye karatasi, akasema, "Anza na hizi. Ila usije na haraka."

Basi nikaanza.

Fungu la kwanza ni la Rigby. Huyu alikuwa konsula wa Uingereza kuanzia 1858 hadi 1861. Wakati huo biashara ya utumwa ilikuwa imeshamiri. Kilwa peke yake, makadirio ya miaka ya 1860 yanataja watu kama 20,000 kwa mwaka waliopitishwa bandarini. Rigby hakuwa na nguvu ya kumzuia Sultani, lakini alikuwa na nguvu juu ya Wahindi waliohesabiwa kuwa raia wa Uingereza, na sheria ya Uingereza ilikataza raia wake kumiliki mtumwa. Akawabana hao. Maelfu wakaachiwa huru, na wakaandikwa. Jina, umri, kabila, nani alikuwa mwenye naye. Myao, Mnyasa, Mgindo. Watoto wamo.

Nimesoma kuhusu utumwa tangu shule ya msingi. Nilijua pembetatu ile ya biashara, nilijua mnyororo kwenye picha ya kitabu. Sikuwahi kuona majina yamepangwa chini kwa chini namna ile, mwandiko mzuri wa karani, mistari imenyooka. Kama orodha yetu ya mahudhurio. Nilitoka nje nikakaa kidogo chini ya mti.

Lakini mnaona kitu? Orodha ile ipo kwa sababu wamiliki walikuwa Wahindi. Aliyekuwa kwenye shamba la Mwarabu au la Mswahili mwaka huohuo, hata kama wametoka kijiji kimoja na huyo aliyeandikwa, hakuwahusu. Hayumo. Karani hakuwa anahesabu watu, alikuwa anahesabu sheria ya Mwingereza imefika wapi. Na kwa bibi wa bibi yangu huo ulikuwa wakati wa mapema mno, hajazaliwa.

Fungu la pili ndilo nililolitegemea zaidi. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, Sultani akiwa Barghash na konsula akiwa John Kirk. Palipokuwa na soko pakajengwa kanisa kuu la Waanglikana pale Mkunazini, wengi wenu mmepiga picha hapo. Ila mkataba ule ulifunga soko na safari za baharini. Aliyekuwa mtumwa shambani aliamka mtumwa kesho yake. Ilibidi ingojwe tarehe 6 Aprili 1897, chini ya Sultani Hamoud bin Mohammed, ndipo ikatoka amri ya kufuta utumwa kisheria Unguja na Pemba.

Mtu anadhani siku hiyo milango ilifunguliwa na watu wakatoka wakiimba. Wapi! Amri ilisema mtumwa anayetaka uhuru aende mwenyewe mahakamani kuuomba. Akishapewa aonyeshe ana pa kuishi na njia ya kujipatia riziki, la sivyo anahesabiwa mzururaji. Na fidia ikatolewa. Kwa nani? Kwa mwenye mtumwa! Aliyenyang'anywa maisha hakupata kitu, aliyenyang'anywa mtumwa akalipwa. Kwa ajili ya fidia hiyo, serikali iliandika. Pesa ikitoka lazima kuwe na karatasi, hilo hata mhasibu wa chuo atakwambia.

Nikajipa moyo. Mwaka 1897 bibi huyo alikuwa msichana mkubwa tayari, kwa hesabu za nyumbani. Kama alikwenda mahakamani, atakuwemo. Nikapitia siku mbili. Majina ya heri kama lake yapo mengi hata yanachosha, na hakuna hata moja lililokaa vizuri na mambo tunayoyajua.

Siku ya tatu nikaisoma amri yenyewe ya 1897, yote, pole pole, kitu ambacho wengi tunakiruka tunakwenda kwenye notisi. Kuna kifungu kuhusu masuria. Wao waliachwa nje. Suria alibaki alipo, katika hali yake ileile, isipokuwa akithibitisha ametendewa ukatili. Maofisa walijitetea kwamba suria ni kama mke, na mambo ya ndoa ni ya dini, wasiyaguse. Hali hiyo ikaendelea miaka kumi na miwili, mpaka amri ya 1909 ilipofuta hicho kifungu.

Nilikaa naangalia ile karatasi. Siku mbili nzima nimetafuta jina la mtu kwenye mlango ambao yeye hakuruhusiwa kuupita.

Wakati huo pembeni yangu alikuwepo mzee mmoja, mgeni kutoka Oman. Kiswahili chake cha Unguja mjini, safi kuliko changu. Wazazi wake walimchukua akiwa mdogo, baada ya Mapinduzi ya Januari 1964. Yeye alikuja kutafuta hati ya shamba la babu yake, si kulidai, alisema, anataka tu kujua lilikuwa wapi akasimame pale. Alikuwa na karatasi kubwa ya nasaba, mababa tisa wamepangwa mmoja juu ya mwingine. Siku ya kwanza tulisalimiana tu, shikamoo, marahaba. Siku ile ya tatu akaniuliza.

"Unatafuta nini, mwanangu?"

"Bibi wa bibi yangu, mzee."

"Wa ukoo gani?"

Nikasita. Nikamwambia ukoo siujui, alikuwa suria.

Akaweka kalamu yake mezani. Nilidhani mazungumzo yameishia hapo. Akaifunua ile nasaba, akanionyesha kwa kidole jina moja katikati. "Huyu mama yake alikuwa suria," akasema. "Na huyu pia. Majina yao hatuna. Tulikuwa hatuulizi."

Nikaangalia vizuri. Mababa tisa, na hakuna mama hata mmoja.

Hapa ndipo nilipoelewa. Kwa sheria ya dini, mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba ni huru, na ni wa ukoo wa baba sawasawa na mtoto wa mke. Suria aliyezaa hauzwi tena, na bwana wake akifa anakuwa huru. Si jambo la pembeni hilo. Sultani Said alipofariki mwaka 1856 aliacha watoto hai 36, na wote mama zao ni masuria. Majid, Barghash, Khalifa, Ali, masultani waliomfuata, wote ni watoto wa masuria. Mama yake Barghash alikuwa Mhabeshi. Yaani nusu ya historia ya Zanzibar imelelewa na wanawake walionunuliwa, na karatasi hazina pa kuwaweka. Daftari la fidia linamtaka mtumwa. Nasaba inamtaka baba. Suria si huyu wala si yule, basi anapita katikati kama maji kwenye vidole.

Mnakumbuka kuna mmoja tunayemjua vizuri? Jilfidan, Mcherkasi, mama yake Seyyida Salme. Tunamjua kwa sababu binti yake alijifundisha kuandika kwa siri, akinakili herufi za Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia, maana kuandika hakukuwa kwa wasichana. Kisha akaolewa na Mjerumani, akaitwa Emily Ruete, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake. Mwingine ni Swema, msichana wa Kiyao wa miaka ya 1860, ambaye habari zake ziliandikwa na wamisionari wa Kifaransa waliompokea Unguja. Upande wa pili, Tippu Tip ana kitabu cha maisha yake kwa maneno yake mwenyewe, tena kwa Kiswahili, na nyumba yake Shangani mpaka leo unaonyeshwa. Aliowapitisha njiani hawana kitabu.

Yule mzee alinisaidia sana baada ya hapo. Mimi Kiarabu changu kinaishia madrasa, cha mkono wa karani wa zamani sikiwezi. Akanisomea baadhi ya hati za wakfu. Hili sikulijua: wapo wenye mashamba waliowawekea wakfu watumwa waliowaacha huru, wapate pa kukaa na kula, wao na vizazi vyao. Humo watu wanatajwa kwa majina, na mara nyingi jina linafuatwa na la aliyewaacha huru pale ambapo kwa mwingine lingekaa la baba. Tulikaa mpaka saa ya kufunga, yeye anasoma, mimi naandika. Jina letu hatukulipata. La shamba lake alilipata, na siku ya pili yake akaenda kusimama pale.

Sasa turudi Pangani. Niliporudi bara sikushukia Dar kulala, nilikwenda moja kwa moja kwa bibi. Nikamwambia bibi, hayupo. Nikamweleza habari za 1897 na 1909. Alinisikiliza anachambua mchele. Nikamwambia kuna njia mbili alizoweza kutokea Unguja. Moja, bwana wake alikufa, naye akawa huru kwa dini. Nyingine, aliondoka baada ya 1909 sheria ilipomruhusu. Ya kwanza maana yake aliachwa. Ya pili maana yake aliondoka. Na bado kuna swali la mtoto, kwa sababu mtoto wa suria ni wa baba na ukoo wa baba. Alimtoaje? Kwa ruhusa ya nani?

Bibi akasema swali la mtoto halijui. Lakini akasema bibi yake alikuwa na neno moja alilipenda, na yeye alilisikia mara nyingi akiwa mdogo, yule mzee akiwa ameshaanza kupofuka. Alikuwa akisema, "Mara ya kwanza nilipandishwa jahazi. Mara ya pili nilipanda."

Hebu lisomeni tena. Siku nne nimekaa Kilimani sikupata mstari wenye habari nyingi namna hiyo, na umekaa jikoni Pangani miaka yote. Mtaalamu atasema hilo si ushahidi, halina tarehe, halina namba ya jalada. Sawa. Lakini bila Kilimani nisingejua uzito wake. Ningelisikia kama msemo wa wazee. Nimeona orodha za waliopandishwa, nimesoma sheria iliyomkataza kushuka, ndiyo maana nasikia "nilipanda" kwa namna nyingine.

Kuna kitu kingine. Alikuwa na wimbo wa kubembelezea mtoto, kwa lugha ambayo Pangani hakuna aliyeielewa. Bibi anakumbuka mistari miwili, au sauti zake tu. Nimeirekodi kwenye simu, mara tatu ili nisikosee. Kama kuna mtu wa kusini humu, wa Tunduru, Masasi, Mbamba Bay, nitafuteni kwenye vimbweta nikusikilizisheni. Huenda ndilo kabila lake lililobaki, limekaa kwenye koo la mwanamke wa miaka themanini na ushee.

Mjomba bado hajafurahi. Nilimweleza kwa adabu kwamba sitaandika jina, na kwamba sioni aibu iliyo upande wetu. Akaniuliza, "Na upande wa Mwarabu je, huo nao si wako?" Hapo alinishika, maana ni kweli. Damu ya aliyenunua na ya aliyenunuliwa tunayo zote mbili, kama yule mzee wa Muscat. Tofauti ni kwamba yeye alirithi karatasi, sisi tumerithi neno na wimbo. Mjomba akanyamaza, kisha akaniambia nikija tena nimwambie mapema, yapo aliyoyasikia kwa mama yake ambayo bibi hayajui. Mnaona wazee? Sijui kama atayasema, lakini nauli naanza kuiweka.

Kwa mnaotaka kwenda, haya machache. Anzeni nyumbani. Ulizeni majina yote, ya kupewa na ya utani, na mahali, hata kama ni "upande wa mnazi mrefu". Rekodini wazee wakiwa na nguvu, majalada ya Kilimani yatawangoja, bibi yako hatangoja. Chukueni barua ya idara mapema, msingoje wiki ya mitihani. Bebeni kalamu ya risasi na sweta, chumba kina ubaridi kwa mtu wa Yombo. Mtengee siku nne au tano, siku moja haitoshi hata kuzoea mwandiko. Na mkikuta jina halipo, msifunge daftari na kuondoka. Ulizeni orodha ile ilitengenezwa na nani, na kwa ajili ya pesa au sheria gani. Mara nyingi jibu la kwa nini mtu wenu hayumo limeandikwa, tena kwa mwandiko mzuri, kwenye jalada la jirani.

Haya, nina insha mbili za kuwasilisha Ijumaa na sijaandika hata kichwa cha habari. Tuonane Revolution Square.